Dag Hammarskjöld na njia ndefu ya Ndola

Wenzangu, kila siku hapa Kasumbalesa tunaona kamiyo zikipanga mstari kungojea kuvuka kwenda Zambia. Madereva wanapika, wanafua nguo, wanalala chini ya magurudumu. Wote wanasema Ndola iko mbali. Lakini chukueni karte. Kutoka kiwanja cha ndege cha Luano, Lubumbashi, mpaka mji wa Ndola, kwa mstari mnyofu, ni kilomita 200 hivi tu. Hata ndege ya propela ya zamani ilimaliza njia hii kwa nusu saa, na mstari wenyewe hauko mbali na vichwa vyetu hapa mpakani.

Mtu ninayetaka kuwaeleza maisha yake alikwenda Ndola usiku mmoja wa mwaka 1961 kwa sababu ya vita ya hapa kwetu Katanga. Alitumia masaa sita na dakika karibu 20 hewani, kwa njia ya kuzunguka, na mwisho hakutua. Jina lake ni Dag Hammarskjöld. Alikuwa Katibu Mkuu wa ONU. Katika historia ya darasani tunamwandika mstari mmoja, kiisha tunapita. Nafikiri tunapita mbio sana.

Alizaliwa tarehe 29 Julai 1905 katika mji wa Jönköping, nchi ya Uswidi, mtoto wa mwisho kati ya wavulana wanne. Baba yake, Hjalmar, alikuwa mtu wa sheria na mkubwa wa Leta, tena alikuwa waziri mkuu wa Uswidi tangu 1914 mpaka 1917, wakati wa vita kuu ya kwanza. Dag alikulia Uppsala, mji wenye chuo kikuu cha zamani na kanisa kubwa la Kilutheri. Alisoma sana. Sheria alisoma, lugha alisoma, uchumi ndio uliomfikisha kwenye udaktari mjini Stockholm. Alikuwa bado kijana alipopewa kazi kubwa katika wizara ya fedha, na baadaye akawa mwenyekiti wa baraza la Benki Kuu ya Uswidi. Hakuoa. Alipenda kupanda milima na kusoma vitabu. Mtu wa ofisi, mtaniambia. Ndiyo, na ndiyo sababu walimchagua.

Katika mwaka 1953 mataifa makubwa yalikuwa yakigombana juu ya nani awe Katibu Mkuu baada ya Trygve Lie wa Norway. Wakatafuta mtu mpole asiyejulikana sana, asiyeweza kusumbua mtu. Wakamchukua Hammarskjöld. Alianza kazi mwezi wa Aprili, na kwa muda mfupi wakaona kwamba hawakumfahamu. Marubani wa Kimarekani walipofungwa Uchina, yeye mwenyewe alipanda ndege mwanzoni mwa 1955, akaenda Beijing kuzungumza na Zhou Enlai, na katika mwaka uleule wafungwa wakaachiliwa. Vita ya mfereji wa Suez ilipotokea 1956, ofisi yake iliunda kwa haraka jeshi la kwanza la ONU la kusimama katikati ya wapiganaji. Mwaka 1957 wakamchagua tena. Angalieni tabia yake: mambo yakiwa magumu, hakubaki New York kutuma barua. Alipanda ndege. Tabia hii ndiyo iliyomfikisha kwetu.

Congo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye wasoda wa Force Publique wakaasi, wasoda wa Ubelgiji wakaingia, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Rais Kasa-Vubu na waziri mkuu Lumumba wakaita ONU. Tarehe 14 Julai Baraza la Usalama likakubali kutuma wasoda, na kutaka Wabelgiji waondoe wa kwao. Basi wasoda wa ONU wakaja, wa Ghana, wa Tunisia, wa Moroko, wa Ethiopia, wa Ireland, wa Uswidi na wengine. Lakini Katanga ilifunga mlango.

Hapo ndipo alipofanya safari yake ya kwanza ya kuja kwetu. Kutoka Léopoldville, ndio Kinshasa, mpaka Élisabethville, ndio Lubumbashi, kuna zaidi ya kilomita 1,500 kwa hewa. Tarehe 12 Agosti 1960 aliruka pamoja na ndege nyingine zilizobeba wasoda Waswidi. Walipokaribia Luano, mnara ukasema kwamba ndege yake tu inaweza kutua, zile za wasoda hapana. Hammarskjöld akajibu kwamba ama zote zinatua, ama zote zinarudi. Zikazunguka juu, na mwisho zikapewa ruhusa. Akashuka, Tshombe akampokea, na wasoda wa ONU wakaingia Katanga bila risasi hata moja. Kwa yeye ilikuwa ushindi. Kwa Lumumba ilikuwa tusi, juu Katibu Mkuu alikwenda kuzungumza na Tshombe bila kupatana na serikali ya Congo. Tangu siku ile hawa wawili hawakupatana tena.

Sitaficha jambo hili, hata kama ninamheshimu mtu huyu. Wazee wengi wa Congo wanasema ONU ilimwacha Lumumba. Na kweli tarehe 17 Januari 1961, ndege ya DC-4 ilipotua Luano na Lumumba, Mpolo na Okito wamefungwa ndani, wasoda Waswidi wa ONU walikuwa palepale kwenye kiwanja. Waliona wafungwa wakishushwa na kupigwa. Hawakufanya kitu. Usiku uleule wote watatu wakauawa, si mbali na mji. Muungano wa Sovieti ulikuwa tayari umemwambia Hammarskjöld aache kazi, na baada ya kifo hiki ukamwita mwuaji. Yeye alijitetea kwamba wasoda wake hawakuwa na amri ya kupigana katika siasa ya ndani. Kila mmoja wetu aamue mwenyewe kama jibu hili linatosha. Kwangu mimi halitoshi, lakini sisemi kwamba alitaka Lumumba afe.

Basi kifo kile kilibadilisha amri. Mwezi wa Februari 1961 Baraza la Usalama likaruhusu wasoda wa ONU watumie nguvu, kama hakuna njia nyingine, kuzuia vita ya wenyewe kwa wenyewe, na likataka waaskari wa kulipwa na washauri wageni watolewe Katanga. Tarehe 28 Agosti wengi walikamatwa bila shida. Tarehe 13 Septemba ONU ikaanza tena, na mara hii kukawa vita katika barabara za Élisabethville, kwenye posta na kwenye radio. Huko Jadotville, ndio Likasi ya leo, kikosi cha Waairishi zaidi ya 150 kilizungukwa, kikapigana siku tano, na tarehe 17 kikajitoa kwa sababu ya kukosa risasi na maji.

Sasa musikie vizuri habari ya ndege, kwa sababu ndiyo inayoeleza yote yanayofuata. Katanga ilikuwa na ndege ndogo ya kivita ya Kifaransa inayoitwa Fouga Magister. Moja tu ndiyo ilikuwa ikiruka. Lakini ONU haikuwa na ndege ya kivita hata moja! Hii Fouga moja ilipiga wasoda wa ONU Jadotville, ilipiga ndege zilizosimama chini kwenye viwanja, na kila rubani wa ONU aliyeruka juu ya Katanga mchana aliruka na moyo mkononi. Ethiopia ilikuwa tayari kuleta ndege zake za kivita, ila zilipaswa kupita juu ya Uganda, iliyokuwa chini ya Uingereza, na ruhusa ilichelewa.

Hammarskjöld alikuwa amefika Léopoldville tarehe 13 Septemba, siku ileile vita ilipoanza. Alitaka kusimamisha mapigano haraka. Tshombe alikuwa ametoka Élisabethville, na mwanzoni ilisemwa kwamba atakutana na mjumbe wa ONU, Conor Cruise O'Brien, katika mji wa Bancroft. Bancroft ndio Chililabombwe ya leo, pale pale mama zetu wanapokwenda kununua sukari na unga. Lakini Hammarskjöld akaamua kwenda mwenyewe, na mahali pakawa Ndola, katika Rodezia ya Kaskazini, nchi iliyokuwa bado chini ya Waingereza.

Nilikamata karte na rula. Kutoka kiwanja cha Ndjili mpaka Ndola, mstari mnyofu ni kama kilomita 1,740. Ndege yake ilikuwa DC-6B yenye injini nne, ya kampuni ya Transair ya Uswidi, jina lake Albertina. Ndege ya namna hii inakwenda karibu kilomita 500 kwa saa. Fanyeni hesabu: masaa matatu na nusu, tuseme manne. Mtu anaondoka jioni, anafika kabla watu hawajalala.

Lakini mstari ule mnyofu unapita juu ya Katanga. Na asubuhi ileile ya Jumapili, tarehe 17 Septemba 1961, Albertina ilikuwa imetoka Élisabethville, na wakati wa kuruka ilipigwa risasi kutoka chini. Mafundi wa Léopoldville walikuta tundu kwenye bomba la moshi la injini moja, wakatengeneza. Kwa hiyo rubani, kapiteni Per Hallonquist, hakutaka mstari mnyofu. Karatasi ya safari aliyoacha ilisema anakwenda Luluabourg, ndio Kananga. Ilikuwa uongo wa kuficha njia. Kwa kweli alikata upande wa mashariki mpaka kwenye ziwa Tanganyika, kiisha akageuka kusini kufuata ziwa na mpaka, ili aingie Ndola bila kupita juu ya Katanga. Kwa rula yangu njia hii inazidi kilomita 2,200. Ndani walikuwa watu 16, pamoja na Alice Lalande wa Kanada, mwandishi wa ofisi na mwanamke peke yake katika safari, na Serge Barrau, kijana wa ulinzi kutoka Haiti.

Waliruka saa kumi na dakika 51 za jioni kwa saa ya Léopoldville. Kwa saa ya Ndola, ambayo ni sawa na saa yetu ya Kasumbalesa, ilikuwa saa kumi na moja na dakika 51. Kiisha radio ikanyamaza. Zaidi ya masaa manne hakuna neno. Saa nne na dakika mbili usiku Albertina ikaita Salisbury, ndio Harare, kuuliza juu ya ndege nyingine, ile iliyombeba Lord Lansdowne, waziri wa Uingereza. Ile nyingine ilikuwa imetangulia kutoka Léopoldville kama dakika 45 mbele. Ilitua Ndola vizuri saa nne na nusu usiku, baada ya masaa matano na nusu. Tshombe alikuwa anangoja. Waandishi wa magazeti walikuwa wamesimama kwenye ua wa kiwanja. Saa sita na dakika 10 Albertina ikasema inaona taa za Ndola, iko juu ya mji, inashuka. Mnara ukajibu. Baada ya pale haikusikika tena.

Ilianguka katika pori, kilomita 15 hivi magharibi ya kiwanja. Baada ya njia yote ile, kilomita 15! Kwa mwendo wa ndege ni dakika mbili tatu.

Na sasa kuna sehemu ambayo kila nikiisoma inanikasirisha. Ndege ya mkubwa wa ONU imesema inashuka, haikutua, na watu wa kiwanja hawakutoka kuitafuta. Lord Alport, mjumbe wa Uingereza, alifikiri kwamba Hammarskjöld amebadilisha mawazo na kwenda mahali pengine. Wakubwa wakaenda kulala. Mabaki yakapatikana rasmi siku iliyofuata, tarehe 18, saa tisa na dakika 10 mchana, yaani masaa 15 baadaye. Hammarskjöld alikutwa amelala nje ya moto, hakuungua. Alikuwa na miaka 56. Mlinzi mmoja, Mmarekani Harold Julien, alikuwa bado mzima, ameungua vibaya na kupigwa na jua siku nzima. Alipelekwa hospitali ya Ndola, akazungumza juu ya mlipuko na cheche angani, akafa tarehe 23 Septemba. Maneno yake yaliandikwa kuwa ya mtu mwenye homa.

Katika pori lile walikuwa wachoma makala. Tunawajua watu wa kazi hii, hata sisi tunao nyuma ya mji, wanalala porini kuchunga matanuri yao usiku kucha. Hawa wa Ndola waliona. Wengine walisema waliona ndege mbili hewani, kubwa na ndogo, na kitu cha moto kilichotoka kwa ndogo. Wengine walifika kwenye mabaki mapema asubuhi. Timothy Kankasa, mkubwa wa mtaa wa Twapia na baadaye waziri katika Zambia, alisema kwamba wachoma makala walimletea habari asubuhi na yeye akaipeleka kwa polisi, masaa mengi kabla ya ile saa tisa. Lakini wachoma makala watatu walifungwa kwa kuokota vitu vya ndege, na kimoja kilikuwa mashine ya kuandikia maneno ya siri. Fikirini: kwa kuwafunga waliaminiwa kwamba walikuwapo, lakini kwa kueleza waliyoyaona hawakuaminiwa.

Tume ya Rodezia ikamaliza kazi mwanzoni mwa 1962 na kusema kosa ni la rubani, alishuka chini mno. Ushuhuda wa Waafrika wengi uliwekwa pembeni. Kulikuwa hata mawazo kwamba huenda rubani alichanganya Ndola na Ndolo, kile kiwanja cha zamani cha Léopoldville. Tofauti ni herufi moja, lakini Ndolo iko chini, karibu mita 280 juu ya bahari, na Ndola iko juu karibu mita 1,270. Mtu akishuka Ndola na vipimo vya Ndolo anagonga miti. Ila vipima-urefu vya ndege vilipochunguzwa havikuonyesha kosa. Tume ya ONU yenyewe, katika 1962, haikusema kosa la rubani wala hujuma. Iliacha mlango wazi.

Mlango ukabaki wazi karibu miaka 50. Mwaka 2011 mwandishi wa historia Susan Williams akatoa kitabu chenye ushuhuda mpya, na ONU ikafungua tena jambo hili. Kazi ikapewa Mwafrika wa Mashariki, tena msemaji wa Kiswahili, Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Akatoa ripoti katika 2017, 2019, 2022 na 2024. Anaona kwamba inawezekana kabisa ndege ilishambuliwa au kutishwa kutoka nje, na kwamba wale mashahidi Waafrika walistahili kusikilizwa. Tena anaeleza kwamba kuna nchi, hasa Uingereza, Marekani na Afrika Kusini, ambazo lazima ziwe na karatasi au sauti za radio za usiku ule, na hazijatoa vyote. Hajasema nani alifanya. Kwa hiyo wale wanaosema barabarani kwamba ni fulani, ni fulani, wanasema zaidi ya jaji.

Mapigano yalisimama kwa makubaliano yaliyotiwa sahihi Ndola tarehe 20 Septemba 1961, Mahmoud Khiari wa Tunisia upande wa ONU na Tshombe upande mwingine. Hayakudumu. Katanga ilirudi ndani ya Congo mwezi wa Januari 1963. Hammarskjöld alizikwa Uppsala, na zawadi ya amani ya Nobel ya 1961 alipewa akiwa amekwisha kufa. Katika chumba alichoachia virago vyake Léopoldville walikuta kitabu cha Thomas à Kempis, na ndani yake, kwa alama ya ukurasa, karatasi yenye kiapo cha kazi yake. New York walikuta daftari la mawazo yake ya siri juu ya Mungu na juu ya nafsi yake, lililochapishwa 1963. Rafiki zake wengi hawakujua kwamba alikuwa akiandika mambo ya namna hii.

Mahali pa ajali leo kuna ukumbusho na nyumba ndogo ya makumbusho, katikati ya miti. Na katika mwaka 2021 Zambia ilifungua kiwanja kipya cha Ndola, kinachoitwa kwa jina la Simon Mwansa Kapwepwe. Hakikujengwa mjini kama kile cha zamani. Kimejengwa magharibi, karibu na ukumbusho, kwa hiyo ndege za leo zinashuka upande uleule. Kutoka hapa kwetu unavuka mpaka, unapita Chililabombwe, Chingola na Kitwe, na kabla ya kuingia Ndola unauliza njia. Ni chini ya kilomita 150 za lami. Ukitoka asubuhi na karatasi zako ziko sawa, saa sita mchana umekwisha kufika.

Mkuu wa wanafunzi, mwaka wa sita